Sisimizi Kwenye Banda la Njiwa

Bibi Waleska anadai aliniona kwa macho yake mawili. Anasema ilikuwa alfajiri, siku chache baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote, mishumaa ya makaburini haijazimika bado, naye alikuwa dirishani kama kawaida yake, viwiko juu ya mto, shali mabegani. Anasema nilitoka kwa mlango wa nyuma nimevaa koti la baba yangu, nimekumbatia kitu kilichofungwa taulo, nimekishika hivi, kifuani, kama mtu anavyomshika mtoto aliyezaliwa jana. Nikatazama kushoto. Nikatazama kulia. Nikapanda ngazi ya banda la njiwa, banda ambalo ua mzima unajua kwamba halina njiwa tena. Na kile kitu, anasema Bibi Waleska, kililia.

"Mara mbili," husema, vidole viwili juu. "Kama kitoto cha paka. Au kama kitoto cha... basi, mimi sisemi."

Kusema kwamba hasemi ndiyo njia yake ya kusema.

Kilicholia kilikuwa ngazi. Ina kipandio kimoja kinacholia tangu nikiwa mdogo. Lakini yaliyobaki ni kweli tupu: koti, taulo, kushoto, kulia. Yule mama haoni vibaya. Ila anachokiona hakiachi hivi hivi, lazima akimalizie.

Mara ya kwanza kuyasikia hayo nilikuwa nyuma ya kaunta dukani, kisu cha mkate mkononi, na foleni imefika mlangoni. Alikuwa anawasimulia waliokuwa nyuma yake, lakini uso kaugeuzia kwangu.

"Nikatie nusu, Otylia mwanangu. Na vipande visiwe vyembamba kama salamu zako siku hizi."

"Nusu, Bibi. Kingine?"

"Kingine nataka kuuliza. Banda la baba yako lina kufuli jipya. Njiwa aliwauza wote. Sasa kufuli linalinda nini? Mavi yao?"

Foleni ikacheka.

"Panya," nikasema. "Nimefunga kwa sababu ya panya."

"Siku hizi panya wanafungua milango?"

Nikacheka na mimi, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole na mgeni. Masikio yalikuwa yanawaka. Mama Bernadeta, mwenye duka, alitoa kichwa huko nyuma kwenye tanuri, akaniangalia, kisha akaangalia mikono yangu juu ya mkate. Labda hakuwaza lolote. Lakini mimi niliwaza kwa niaba yake: nani atanunua mkate uliokatwa na mikono inayofuga sisimizi?

Maana ndicho kilichokuwa kwenye taulo. Sisimizi wa baba yangu.

Baba, Ewald, alichimba makaa ya mawe mpaka mapafu yakakataa. Lakini hakuna aliyemwita mchimba makaa. Uani kwetu kila mwanamume alichimba. Walimwita mtu wa njiwa. Jumamosi alikuwa anasimama juu ya vibanda vya makaa, shingo imepinda, anasubiri ndege wa mashindano waliofunguliwa mbali huko warudi, na mjomba Rajnold amesimama upande wa pili wa ua juu ya banda lake, shingo imepinda vile vile, na wanatukanana bila kushusha macho. Halafu daktari akamwambia vumbi la manyoya litammaliza upesi kuliko makaa. Akawauza njiwa. Wengine akawagawa. Mmoja mzee alirudi mara tatu kutoka kwa mwenyewe mpya, akatua juu ya banda tupu, na baba akaingia ndani akafunga pazia.

Kiangazi cha mwaka huo huo, siku moja ya joto baada ya mvua, siku ambayo sisimizi hutoka na mabawa na kujaa hewani, baba alikuwa amekaa benchini uani. Mmoja mkubwa mweusi, kiuno chekundu, akatua kwenye goti lake. Kati ya watu wa njiwa kuna sheria: ndege akitua kwako bila kuitwa, humfukuzi. Baba akamtazama. Yule sisimizi akakunja mguu wa nyuma, akaling'oa bawa moja, kisha la pili, mpaka yote manne, akayaacha kwenye suruali ya baba na kuanza kutembea.

"Nimefuga wenye mabawa maisha yangu yote," aliniambia jioni ile, amemfunika kwa glasi mezani kwetu. "Huyu kayatoa mwenyewe, wala hakulia."

Basi, ndivyo ilivyoanza. Yule sisimizi alikuwa malkia; akakaa kwenye mrija wa kioo, nusu maji, nusu hewa, katikati pamba ya kuzuia maji yasimfikie ila unyevu tu. Akataga. Wakatoka wadogo, wakamlisha mama yao, wakaongezeka. Baba akawajengea nyumba ya plasta yenye vyumba na kioo juu, akaiunganisha na ule mrija wa maji, akaiweka chumbani kwake kando ya kitanda. Alikuwa anaweza kukaa mbele yake mpaka chai ikapoa. Na mimi pia. Nasema kweli, mimi zaidi. Nilikuwa nikitoka dukani nakaa pale sina hata haja ya redio. Namjua yule anayebeba vibuu kutoka chumba cha chini kwenda cha juu kukiwa na joto, na namjua yule mvivu anayekaa mlangoni kujisafisha masharubu tu.

Baba alitaka kuwaita wenzake waje kuwaona. Mimi ndiye niliyekataa.

"Watakucheka, baba."

"Waache wacheke. Rajnold alinicheka hata nilipooa."

"Watanicheka mimi. Nauza mkate. Mtu akisikia nyumbani kwetu kuna sisimizi kwa makusudi, atakwenda kununua mkate barabara ya pili."

"Haya," akasema. "Kwa ajili ya mkate wako."

Tangu hapo hakumwambia mtu. Wakimuuliza, Ewald, siku hizi unafuga nini, anajibu anafuga kikohozi.

Sisimizi wa huku kwetu majira ya baridi lazima walale. Wasipolala malkia huchakaa. Anaweza kuishi mwaka au miwili, kisha kwisha. Kwa hiyo kila mwaka majani yakianza kuanguka kazi ilikuwa ile ile. Kwanza kuwashibisha asali na maji ya sukari mpaka matumbo yanavimba na mistari inaonekana. Kisha kuacha kuwalisha, kufagia kiwanja chao, kutoa kila mguu wa nzi na kila punje iliyobaki, isije ikaota ukungu. Kisha kuwapoza polepole: kutoka kando ya kitanda kwenda dirishani, kutoka dirishani kwenda kwenye ngazi za jengo, nyuma ya baiskeli, na mwisho kushuka nao chini kabisa, kwenye vyumba vya akiba ambako kila mtu anaweka viazi na chupa za matango. Huko baba alikuwa anamalizia mwenyewe, anawafunika kwa kitambaa cheusi mpaka machipuko.

Alikuwa anamalizia mwenyewe kwa sababu mimi nilikuwa mlinzi. Nasimama kwenye ngazi, nimempa mgongo, macho juu, nimsikie mapema Bibi Waleska akishuka kuchukua viazi. Nilikuwa nasikia baba anahema, nasikia vioo vinagongana, nasikia "tayari". Sikuwahi kugeuka.

Mwaka huu, sisimizi wakiwa wamefika kwenye ngazi nyuma ya baiskeli, baba alichukuliwa hospitali. Wakamwekea hewa puani. Halafu mafua yakaingia wodini, wakafunga mlango, hakuna kutembelea wagonjwa. Ikabaki simu. Alikuwa ananipigia saa ambayo angekuwa anakula chakula changu, yaani saa ambayo duka limejaa.

Siku ile pia. Simu kati ya sikio na bega, sauti ikivuja nje, mikono inafunga mikate. Na Bibi Waleska mbele yangu anachagua mkate kama anayechagua mkwe.

"Tyla," baba akasema. Yeye tu ananiita hivyo. "Wametangaza barafu. Ndiyo wakati wao. Washushe."

"Ndiyo, baba."

"Sikiliza. Kabla hujawafunika kuna jambo moja." Akakohoa. Kikohozi chake kinachukua muda, lazima umsubiri arudi. Bibi Waleska akaacha kuchagua, akainua uso. "Jambo la mwisho ninalolifanya kule chini. Wewe hujaliona, maana siku zote unakuwa..."

"Najua, baba."

"Unajua?"

"Najua, najua. Nina wateja."

Nikasikia mashine yake inavyopumua.

"Basi kama unajua," akasema, na sauti ilikuwa na furaha, hilo ndilo ninalolikumbuka, ilikuwa na furaha. "Macho unayo, mwanangu. Hakuna kinachokupita."

"Baba anaendeleaje?" Bibi Waleska akauliza kabla sijaweka simu chini. "Nani anashushwa?"

"Viazi, Bibi."

Kule chini kwenye viazi sikwenda. Vyumba vyetu vya akiba vimetengwa kwa mbao zenye nafasi, mtu akipita na tochi anaona hata idadi ya chupa zako. Baba hakujali, mimi nilijali. Nikafikiri: banda la njiwa. Liko tupu, lina baridi, lina giza, na hakuna anayepanda huko. Nikanunua kufuli.

Usiku ule niliwaandaa mezani jikoni. Wameshapoa, wanatembea kama wazee waliotoka kanisani. Nilifanya kila nililoliona baba akifanya. Halafu nikafika kwenye maji, na hapo nikafanya nililofundishwa tangu utotoni.

Maana kazi yangu ya kwanza duniani ilikuwa kumwaga maji ya njiwa. Jua likishuka, kukiwa na baridi kali, nilikuwa napanda bandani nakusanya vyombo vyote vya maji, namwaga, nafuta, naleta ndani. Maji yakiganda hupasua chombo. Na baba alikuwa akisema, niliyasikia kila mwaka kama sala: njiwa haogopi baridi, anaogopa unyevu. Banda kavu, ndege mzima. Banda lenye unyevu, kachimbe shimo.

Nikatoa mrija wa maji. Nikaumwaga kwenye sinki. Nikaukausha kwa kitambaa, nikarudisha ile pamba, nikaupachika tena mahali pake mkavu na msafi. Kwenye kioo cha juu kulikuwa na matone ya mvuke, nikayafuta yote. Nikatoboa na tundu la hewa upande wa pili. Waliolala hawanywi, nikajiambia. Nikajiona nina akili. Hata nilitamani baba angekuwepo kuniona.

Alfajiri ndiyo nikatoka na taulo.

Baada ya hapo sikupanda tena. Ningeweza. Ufunguo nilikuwa nao shingoni, kwenye kamba moja na msalaba wangu. Lakini kila nikitoka lilikuwepo lile dirisha na ule mto. Nikipita uani nilikuwa naliangalia banda kama mtu anavyomwangalia mtu anayemdai, kwa pembe ya jicho, kisha naharakisha. Mimi ambaye nilikuwa nakaa mbele yao mpaka chai ikapoa. Baba akiuliza, nasema wamelala. Akiuliza wamelala vipi, nasema vizuri, baba, wote pamoja, kama kawaida yao. Nilikuwa naona aibu kupanda ngazi, sikuwa naona aibu kusema uongo. Sasa ninapoandika hivi naona ilikuwa kinyume.

Ikafika sikukuu ya Mtakatifu Barbara, anayewalinda wachimba makaa. Bendi ilipita asubuhi na mapema, tarumbeta zikawaamsha hata walioacha kazi zamani. Baada ya misa wanaume wakarudi na nguo zao nyeusi za vifungo vya dhahabu, na zile kofia zenye manyoya marefu, na wengi walishapitia mahali wakapasha koo moto. Mimi nilikuwa natoka dukani na keki ya sikukuu kwenye karatasi. Nikawakuta uani mjomba Rajnold na mzee Zefel, rafiki wa baba wa miaka mingi, wamesimama chini ya banda letu.

"Otylia," akasema mjomba Rajnold. "Lete ufunguo."

"Wa nini, mjomba?"

"Wa nini, anauliza. Baba yako kanipigia simu leo, kunipa heri ya sikukuu. Tukaongea, tukaongea, mwisho kaanza kulia. Ewald! Hata mgodi ulipomwangukia hakulia. Kaniambia yote."



"Sisimizi," akasema Zefel, akatikisa kichwa mpaka manyoya ya kofia yakacheza. "Maisha yangu yote napanda ngazi hii kumwonea wivu kwa njiwa. Leo napanda kumwonea wivu kwa sisimizi. Mungu nichukue, nimeona vyote."

"Nani sisimizi?" Dirisha la juu, bila shaka. "Sisimizi gani?"

"Yule mtoto wako aliyelia, Bibi Waleska!" Zefel akapaza sauti. "Ana miguu sita!"

Ua wote ukasikia. Madirisha mengine yakafunguka. Nilisimama pale, nikasubiri lile nililoliogopa kwa miaka mitatu. Bibi Waleska akanitazama kutoka juu, akaitazama mikono yangu.

"Na mikono hiyo hiyo inanikatia mkate?"

"Ndiyo, Bibi."

"Unanawa?"

"Nanawa, Bibi."

"Basi." Akavuta shali. "Marehemu mume wangu alifuga sungura chini ya kitanda chetu cha ndoa, na nilizaa watoto wanne juu yao. Si ungesema, mtoto wewe! Mimi nilidhani umezaa ukaficha. Nimekuombea rozari nzima. Ngoja nishuke."

Ikawa ndiyo hiyo tu. Ile aibu niliyoilinda kwa kufuli, niliyomnyamazishia baba yangu, ilikwisha kwa muda wa kufunga dirisha. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Walikuwa wananicheka, ndiyo, lakini kicheko cha kukusogezea kiti. Nilitaka kucheka nao. Nikatoa kamba shingoni.

"Amesema tukaone," mjomba Rajnold alikuwa ananiambia huku anapanda mbele yangu, na kile kipandio kikalia chini yake. "Amesema, binti yangu kawalaza mwenyewe. Sikumaliza hata kumweleza, akaniambia najua baba. Amesema hivyo mara mbili. Najua baba. Kajivuna kama siku ile njiwa wake mweupe alipomshinda wa kwangu."

Ndani kulikuwa na harufu ile ile ya njiwa, imekauka lakini ipo. Nyumba yao ya plasta ilikuwa pembeni, mahali pa kiota cha zamani. Mjomba Rajnold akavua kofia kwa sababu manyoya yalikuwa yanagusa paa. Nikapiga magoti, nikaondoa kitambaa cheusi.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni rangi. Plasta yenye unyevu huwa ya kijivu, kama ukuta wa chini. Hii ilikuwa nyeupe kama chaki.

Vyumba vilikuwa vitupu. Vyote. Vibuu vilikuwa vimesinyaa pembeni kama maganda ya mchele. Sisimizi wenyewe hawakuwa wametulia mahali pao pa kulala, chumba cha chini kabisa, wanakolala kila mwaka wamesongamana kama zabibu. Walikuwa wameingia kwenye mrija. Ule wa maji. Wamejazana mwisho wake, mmoja juu ya mwingine, na vichwa vyote vimeelekea upande mmoja, kwenye pamba. Vinywa vimeigusa. Walioshindwa kufika walikuwa njiani, miguu imekunjwa tumboni.

Mzee Zefel, ambaye hajui lolote kuhusu sisimizi, alichuchumaa kando yangu, akatazama kwa muda, na mzaha ukamtoka usoni.

"Wanataka nini pale?" akauliza.



"Maji yao yako wapi? Ewald kasema huyajaza mwisho kabisa," akauliza mjomba Rajnold.

"Niliyamwaga, mjomba."

"Uliyamwaga."

"Yasije yakaganda. Yakapasua kioo."

Mjomba Rajnold ni mtu wa njiwa. Alielewa palepale nilichofanya na nilikojifunzia, nikaona alivyoelewa. Angenitukana ningeshukuru. Alisema taratibu tu, kama anayemwambia mtoto:

"Njiwa unamwaga maji yake jioni, mwanangu. Asubuhi unamrudishia."

Kisha akainama mlangoni akaita chini, "Mama Waleska! Lete maji! Glasi moja, ya vuguvugu!"

"Ya kunywa?"

"Lete, usiulize!"

Akaleta. Alipanda ngazi yeye mwenyewe, mwanamke wa umri ule, na viatu vya ndani, glasi mkononi na kikopo cha asali mfukoni kwa sababu alisikia sisimizi wanapenda asali. Akabaki kichwa tu kimeingia mlangoni. Nilitoa kizibo cha nyuma ya mrija, nikachovya kona ya leso yangu, nikaigusisha upande wa nje wa pamba. Zefel akanishikilia mrija. Pamba ikanywa. Tuliona maji yanapita polepole, weupe unageuka kijivu, mpaka yakafika upande wa pili, kwenye vinywa.

Tukangoja.

"Wamelala au...?" Bibi Waleska akanong'ona. Sijawahi kumsikia akinong'ona.

"Kwenye baridi hawasogei haraka," nikasema. Ni kweli. Aliyelala na aliyekufa, kwenye baridi, wanafanana. Hata baba huwa hawezi kuwatofautisha mpaka awapashe moto. Nilisema hivyo na sauti yangu ikasikika kama ya mtu anayeuza mkate wa jana.

Malkia alikuwa katikati yao. Tumbo lake naweza kulijua popote, refu, linang'aa. Alikuwa amelala ubavu. Wadogo walikuwa wamemzunguka, na wawili walikuwa mbele yake kabisa, kati yake na pamba, kama waliokuwa wakijaribu kumletea kitu wasichokuwa nacho. Niliutazama mguu wake wa mbele. Nilidhani umesogea. Nikatazama tena na nikawa sina hakika kama ni mguu au ni pumzi yangu mwenyewe juu ya kioo.

Hapo simu ya mjomba Rajnold ikalia.

Akaitoa kwenye nguo za sikukuu, akaitazama, akanitazama. "Ni yeye. Nilimwambia tukishapanda apige, aone na yeye." Aliomba radhi kwa macho. Ikalia tena. Zefel akasema, "Usipokee." Bibi Waleska akasema, "Mgonjwa hapuuzwi, pokea." Mjomba Rajnold akapokea, kwa sababu hakuna kati yetu aliyejua kufanya kingine, akaniwekea simu mbele ya uso.

Baba alikuwa ameketi kitandani. Walikuwa wamemchana nywele. Mrija wa hewa ulipita chini ya pua, na mtu alikuwa amemvisha ile kofia yake ya manyoya, imekaa upande kichwani, labda muuguzi, labda mgonjwa mwenzake. Nyuma yake niliona wanaume wengine wawili wenye nguo za hospitali wamenyoosha shingo waone.

"Mko juu?" akasema. "Naliona paa langu. Rajnold, acha kukanyaga ubao ule, umeoza. Zefel yupo? Huyo ni Waleska? Mama wa watu, nani kakupandisha!" Akacheka, kicheko kikawa kikohozi, tukamngojea sote, wa huku na wa huko. Aliporudi macho yalikuwa yamelowa. Akawageukia wale wenzake wa nyuma. "Huyo ndiye binti yangu niliyewaambia. Sikumaliza hata kumweleza."

Nilikuwa bado nimepiga magoti, mrija mkononi, leso iliyolowa mkononi. Simu ilikuwa inaonyesha nyuso zetu tu, si mikono. Bibi Waleska akajifanya anafuta kikopo cha asali. Mjomba Rajnold aliangalia kofia yake.

"Washa tochi, Tyla, lakini kwa mbali, usiwaamshe," baba akasema, akasogea karibu na simu yake mpaka nikaona jicho moja tu na mrija. "Haya, mwanangu. Nionyeshe malkia."